Spirulina hii ililishwa nini?

Unga wa kijani wa spirulina umeingia Mombasa kwa kishindo. Upo kwenye maduka ya dawa, upo kwa wauzaji wa mitandaoni, na sasa upo hata kwenye mipango ya vijana wenye tangi lisilo na kazi nyuma ya nyumba. Maneno yanayoufuata unga huo ndiyo yaliyovurugika. Mmoja atakuambia spirulina ni mwani, basi ni ndugu wa ule unaoanikwa na akina mama wa Kibuyuni. Mwengine ataapa kwamba iliyo safi ni ile isiyoguswa na mbolea ya dukani. Wa tatu amejaza tangi lake maji kule Mtwapa na anauliza kama samadi ya kuku itatosha. Mzizi wa yote ni mmoja: mwani huu hula nini, na chakula chake kinaacha nini ndani ya mwili wake?

Jibu fupi ni kwamba chakula cha mwani chaweza kuamua thamani ya unga kuliko hata jina la mwani wenyewe. Mwaka 1949 watafiti wawili wa Marekani, Herman Spoehr na Harold Milner, walieleza jinsi walivyoikuza Chlorella, mwani mdogo wa kijani, katika hali mbalimbali, kubwa likiwa kuibania au kuipa naitrojeni. Protini yake ilicheza kati ya chini ya asilimia 10 na karibu asilimia 60 ya uzito mkavu. Mafuta yalianzia kama asilimia 5 yakapita 80. Kiumbe ni kilekile, ila aliyekula vizuri na aliyeshindishwa njaa hawana mwili mmoja.

Tuanze na majina kabla hatujaingia ndani. Mwani unaolimwa Kibuyuni na Mkwiro, Kwale, ule unaofungwa kwenye kamba na kuvunwa maji yakipwa, ni mmea mkubwa wa kushikika mkononi. Mwani mdogo ni kiumbe cha chembe moja, au uzi wa chembe zilizoshikana, na huuoni bila hadubini. Chembe ya Chlorella ina upana wa maikromita 2 hadi 10, yaani laini moja ya milimita yaweza kubeba chembe mia moja na zaidi. Unachokiona kwa jicho ni umati wake: maji yamegeuka kijani. Hauna mizizi wala majani. Kila chembe hunyonya mahitaji yake kutoka kwa maji yaliyoizunguka, kisha hutumia mwanga wa jua kujijenga na kugawanyika. Spirulina yenyewe si mwani hasa. Ni bakteria wa rangi ya buluu-kijani, jina lake la kisayansi Arthrospira platensis, lakini hulimwa na kuuzwa pamoja na mwani mdogo, nami humu nimeihesabu pamoja na wenzake.

Kirutubisho ni kile ambacho chembe inakihitaji: kaboni, naitrojeni, fosforasi, potasiamu, chuma na vingine kwa vipimo vidogo vidogo. Chanzo ni kitu kilichokibeba kirutubisho hicho hadi majini. Naitrojeni yaweza kuja ndani ya naitreti, ndani ya amonia, ndani ya yurea, ndani ya samadi au majitaka. Kirutubisho ni kimoja, mabebeo ni mengi, na kila bebeo lina tabia yake. Hapo ndipo mazungumzo mengi hupotea njia.

Kinachopungua ndicho kinachotawala

Mpishi wa mahamri wa alfajiri ana gunia zima la unga, sukari tele na nazi za kukuna, lakini hamira iliyobaki yatosha kilo mbili tu za unga. Siku hiyo atauza mahamri ya kilo mbili. Ukimletea gunia la pili la unga hujamsaidia kitu, umemjazia nafasi jikoni. Mwani nao hukua hivyo. Wazo hili lilitolewa na Carl Sprengel huko Ujerumani mwaka 1828 akizungumzia mazao ya shambani, likaja kuvumishwa na Justus von Liebig, na hadi leo ndilo swali la kwanza la mkuzaji mwani: ni kipi kilichopungua?

Kwa mwani wa baharini kuna kipimo cha kuanzia. Alfred Redfield, mwanasayansi wa Marekani, aliandika mwaka 1934 kwamba viumbe wadogo wanaoelea baharini wana uwiano wa virutubisho unaolingana ajabu na ule wa maji yenyewe. Uwiano huo baadaye ulikubalika kuwa atomu 106 za kaboni kwa 16 za naitrojeni kwa 1 ya fosforasi. Ni wastani, si sheria ya kila chembe, lakini unakuonyesha upande gani umelemea. Ukitia fosforasi nyingi huku naitrojeni ni haba, hupati mwani zaidi. Katika kidimbwi cha wazi waweza kupata usioutaka, kwa kuwa wapo jamaa wa buluu-kijani wanaojua kuvuta naitrojeni kutoka hewani, nao ndio watakaofaidi. Baadhi ya jamaa hao hutoa sumu.

Spirulina haina uwezo huo. Nimesikia hoja kwamba hewa ni asilimia 78 naitrojeni, basi mkuzaji ana mbolea ya bure juu ya kichwa chake. Ipo kweli, ila kwa spirulina ni kama haipo. Sharti apewe.

Ndiyo maana pia maji ya bahari ya Nyali na Diani huwa maangavu. Jua halikosekani, joto lipo, ila naitrojeni na fosforasi ni chache mno. Mwenye kutaka mwani mzito katika maji hayo lazima auongezee chakula. Mchanganyiko maarufu kwa mwani wa baharini ni ule uitwao f/2, uliotokana na kazi ya Robert Guillard na John Ryther iliyochapishwa mwaka 1962. Una miligramu 75 za naitreti ya sodiamu kwa lita, fosfeti kidogo, chuma na madini mengine, na vitamini tatu, B12 ikiwemo. Kwa diatomu, mwani unaojijengea ganda mfano wa kioo, huongezwa silika, kwani bila silika ganda halijengeki na chembe hazigawanyiki. Sasa linganisha na mchanganyiko wa Zarrouk wa mwaka 1966 uliotengenezewa spirulina: naitreti hiyohiyo ni gramu 2.5 kwa lita, zaidi ya mara 30, pamoja na gramu 16.8 za bikaboneti ya sodiamu. Anayechukua fomyula ya mmoja akamlisha mwingine asishangae.

Naitrojeni na mabebeo yake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa za wakuzaji wengi huzama.

Ndani ya chembe, naitrojeni lazima iwe amonia ndipo ijengewe protini. Naitreti ikiingia hubadilishwa kwa hatua mbili, kwanza naitraiti, kisha amonia, na safari hiyo hugharimu elektroni 8 kwa kila molekuli. Gharama hiyo hulipwa na nishati ya jua ambayo ingejenga mwili. Amonia huingia ikiwa tayari. Kwa hivyo mwani mwingi ukiwekewa zote mbili huanza kuchukua amonia, na naitreti huguswa amonia ikishakaribia kwisha.

Mtu akisikia hivyo hukimbilia duka la pembejeo kununua mbolea yenye amonia. Na mara nyingi tangi hufa.

Sababu iko kwenye pH, kipimo cha uchachu na ukali wa maji. Majini, amonia hukaa kwa sura mbili. Maji yakiwa ya kawaida au yamechachuka kidogo, nyingi huwa amoniamu, ambayo haina madhara makubwa. Maji yakipanda ukali, amoniamu hugeuka gesi ya amonia, na gesi hiyo hupenya ndani ya chembe na kuvuruga usanisinuru. Kwenye joto la nyuzi 25 mpaka uko pH 9.25, ambapo nusu kwa nusu. Spirulina hukuzwa makusudi kwenye pH ya 9 hadi zaidi ya 10, ili viumbe wengine washindwe kuishi humo. Sasa chukua mbolea ya DAP, ambayo naitrojeni yake yote, asilimia 18, iko katika amoniamu. Itie humo, nawe umejitengenezea sumu. Dalili ni harufu kali ya choo kilichokosa maji, na ile kijani kuanza kufifia kuwa manjano.

Kwa Chlorella, inayokaa kwenye maji ya pH ya katikati, mambo hugeuka upande wa pili. Kila inapochukua amoniamu huacha uchachu nyuma yake. Tangi lisilo na kitu cha kuuzuia uchachu huo litashuka pH siku baada ya siku hadi mwani usimame. Naitreti hufanya kinyume: ikichukuliwa, pH hupanda. Wakuzaji wazoefu hutumia habari hiyo kwa manufaa yao, wakichanganya mabebeo mawili ili pH isiyumbe sana.

CAN, inayopendwa na wakulima wetu wa mahindi, ina naitreti na amoniamu nusu kwa nusu, tena ina chokaa. Sitaipendekeza kwa spirulina, na sababu ya chokaa nitaieleza mbele. Yurea iko katikati. Ina naitrojeni asilimia 46, bei yake ni nafuu ukilinganisha na naitreti ya sodiamu, na mwani mwingi unaweza kuitumia. Lakini ikivunjika hutoa amonia, hivyo kwa spirulina hutiwa kidogo kidogo kila siku, kadiri inavyoliwa, wala si kwa mkupuo. Kiasi kilekile kikimwagwa kwa siku moja huua, kikigawanywa wiki nzima hulisha.

Namba ya protini kwenye pakiti

Spirulina iliyoshiba naitrojeni huwa na protini asilimia 55 hadi 70 ya uzito mkavu. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa, na ni kweli. Ila tazama namba hiyo hupatikanaje. Maabara nyingi hazipimi protini moja kwa moja, hupima naitrojeni yote iliyomo kisha huizidisha kwa 6.25, kwa dhana kwamba protini ina asilimia 16 ya naitrojeni na kwamba naitrojeni yote ni ya protini. Kwa nyama dhana hiyo haina neno sana. Kwa mwani ina kasoro, kwani klorofili ina naitrojeni, asidi za viini vya urithi zina naitrojeni, na chembe iliyolishwa kupita kiasi huweza kuwa na naitreti iliyohifadhiwa tu bila kujengwa kuwa kitu. Watafiti waliochunguza aina kadhaa za mwani mdogo walipendekeza kizidishi cha wastani cha 4.78.

Piga hesabu mwenyewe. Unga wenye naitrojeni asilimia 10.4 ukizidishwa kwa 6.25 unasomeka protini 65. Ukizidishwa kwa 4.78 unasomeka karibu 50. Muuzaji hajadanganya, ametumia kizidishi cha kawaida. Lakini unaona kwa nini chakula cha mwani kinaweza kupandisha namba bila kukupandishia wewe lishe kwa kiwango hichohicho.

Na hata namba ikiwa ya haki, kumbuka kipimo. Kijiko cha gramu 5 chenye protini asilimia 60 kinakupa gramu 3. Yai moja lina kama gramu 6. Ninayo heshima kwa spirulina, ila kuambiwa kijiko kimoja kimechukua nafasi ya samaki wa mchana ni kuchezewa akili.

Njaa ya makusudi

Kuna wakuzaji ambao huunyima mwani naitrojeni kwa kutaka. Chembe inaendelea kupata jua na kaboni, lakini haina cha kujengea protini, kwa hivyo haigawanyiki. Nishati inayoingia inatafuta pa kukaa, na hukaa kama mafuta au wanga, ikitegemea aina. Nannochloropsis hunenepa kwa mafuta. Imewahi kufika asilimia 60. Spirulina huelekea wanga, na wakati huohuo huanza kujila: inavunja fikosianini, ile rangi yake ya buluu ambayo ni protini na pia ghala la naitrojeni. Ndiyo maana tangi la spirulina lenye njaa hupoteza ule ubuluu kwanza, likabaki kijani cha kufifia na mwisho manjano.

Habari hizi za mafuta ndizo zilizozaa ndoto ya dizeli ya mwani. Serikali ya Marekani iliendesha mradi wa utafiti wa aina hiyo tangu 1978 hadi 1996, na matumaini makubwa yalikuwa kwenye njaa: nyima diatomu silika, nyima wengine naitrojeni, kisha kamua mafuta. Walipopiga hesabu ya jumla hawakuyapata waliyoyatarajia. Asilimia ya mafuta ilipanda kweli, lakini mwani uliacha kukua. Tuseme kidimbwi kinatoa gramu 10 kwa siku zenye mafuta asilimia 20: umepata gramu 2 za mafuta. Ukikishindisha njaa kikatoa gramu 4 zenye asilimia 40, umepata gramu 1.6. Asilimia imekuwa maradufu na mafuta yamepungua. Kila ninaposoma tangazo la mwani wenye mafuta asilimia kadhaa bila kutajwa umevunwa kiasi gani kwa siku, nalirudisha nilikolitoa.

Njaa hufaa pale bidhaa yenyewe ni ya thamani kubwa kwa kiasi kidogo. Haematococcus pluvialis hukuzwa kwa awamu mbili. Kwanza hulishwa vizuri, ikawa ya kijani na nyingi. Kisha hunyimwa naitrojeni na kuwekwa kwenye mwanga mkali, nayo hugeuka nyekundu kwa rangi iitwayo astazanthini, inayoweza kufikia kama asilimia 4 ya uzito wake, na ambayo hulishwa samaki wa kufugwa wapate nyama ya rangi ya waridi. Dunaliella salina, mkaazi wa maji ya chumvi kali, hujaza betakarotini namna hiyo na kuwa ya rangi ya chungwa, hata asilimia 10 na zaidi.

Kwa hivyo usemi kwamba mwani bora ni ulio kijani zaidi una ukweli nusu. Kijani kilichokolea ni dalili kwamba naitrojeni haikukosekana. Lakini mwani uliokaa kivulini nao huongeza rangi ili ukamate mwanga mdogo unaoupata, na betakarotini bora hutoka kwa mwani ambao si kijani kabisa.

Maji ya kisima cha Pwani

Hili silioni kwenye video nyingi, na kwetu ni muhimu. Mombasa imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji ya visima vyetu mara nyingi ni magumu, yamejaa kalsiamu, na mengine ni ya chumvichumvi. Ukiyatumia kwa spirulina, ukapandisha pH kwa bikaboneti na kaboneti, kisha ukatia fosfeti, fosfeti hukutana na kalsiamu na kutulia chini kama unga mweupe. Kwenye daftari umeandika kwamba umelisha fosforasi, ila mwani haukuipata. Chokaa ya CAN huzidisha ugonjwa huohuo. Maji ya bahari yana shida hiyo pia, ya kalsiamu na ya magnesiamu. Wanaokuza spirulina kwa maji ya bahari wapo, lakini kwanza hushughulika na madini hayo. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri hukuepusha na mengi.

Chuma kina tabia hiyohiyo: kwenye maji makali hugeuka kutu na kuzama. Mwani unakaa na njaa ya chuma juu ya kitanda cha kutu. Maabara hutumia EDTA, kemikali inayokishika chuma kisizame. Wakuzaji wadogo katika nchi mbalimbali hutumia asidi ya ndimu kwa kazi hiyo. Haina nguvu kama EDTA, lakini inasaidia.

Mtu atasema: magadi si ndiyo hayo, tunayo ya kwetu Kenya, ya nini kununua bikaboneti? Hoja haijakaa vibaya. Heroe wa Bogoria na Nakuru hula spirulina inayoota yenyewe kwenye maziwa ya magadi, na huko ziwa Chad watu wa Kanembu wameivuna kutoka maji ya namna hiyo tangu zamani na kuianika kuwa mikate iitwayo dihe. Ila magadi ghafi ya Bonde la Ufa huwa na floridi nyingi, na mkuzaji hawezi kuiona wala kuionja. Kwa unga utakaoliwa na mtoto, nunua bikaboneti ya chakula.

Kaboni nitaipitia haraka. Mwani mkavu ni karibu nusu kaboni kwa uzito, na kilo moja huhitaji takriban kilo 1.8 za kabonidioksidi. Hewani kuna asilimia 0.04 tu, na huingia majini polepole mno. Tangi lililotulia juani hukosa kaboni kabla ya kukosa mbolea, na dalili yake ni pH kupanda kila alasiri. Kukoroga, kupuliza hewa au kuongeza bikaboneti ndiyo tiba. Kuna aina zinazokubali kulishwa sukari au asetati badala ya kutegemea jua peke yake, na baadhi ya mafuta ya omega-3 yanayouzwa hutoka kwa viumbe wadogo waliokuzwa gizani kwa sukari. Lakini hiyo ni kazi ya mitungi iliyofungwa na kuuawa vijidudu. Ukitia molasi kwenye tangi la wazi, wa kwanza kula ni bakteria.

Samadi, majitaka na neno “kemikali”

Turudi kwa wanaoogopa mbolea ya dukani. Mwani hauwezi kula samadi. Bakteria huivunja kwanza, na kinachoingia kwenye chembe ni amonia, naitreti na fosfeti zilezile zilizo ndani ya mfuko wa duka. Kwa chembe hakuna naitreti ya asili na naitreti ya kiwandani. Tofauti iko kwenye vilivyoambatana na bebeo. Samadi ya kuku huja na vijidudu vya tumbo, salmonela wakiwemo, na huyapa maji rangi ya chai inayozuia mwanga. Mbolea ya shamba nayo si malaika: fosfeti inayochimbwa ardhini yaweza kuwa na kadimiamu, na mwani ni hodari wa kunasa metali nzito. Kwa chakula cha binadamu hutumika chumvi za daraja la chakula au daraja la maabara, ambazo ndizo hasa wanaoogopa “kemikali” wanazikwepa.

Kwa samaki hukumu ni nyingine. Wafugaji wa mwatiko kwenye vidimbwi vya kando ya mikoko hutia samadi ili maji na tope viote mwani kabla ya kuweka vifaranga, na ni utaratibu mzuri. Mwani unaliwa na samaki, samaki anapikwa. Kwenye uanguaji wa kamba mambo hukaza tena: lava wake hulishwa diatomu kama Chaetoceros, na diatomu zilizokosa silika au naitrojeni humpa lava mlo duni, akafa au akadumaa bila mfugaji kujua sababu iko kwenye chupa ya mbolea. Mwenye mipango ya aina hiyo asianze na video. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ina makao yake papa hapa Mkomani.

Na majitaka? William Oswald wa Chuo Kikuu cha California alionyesha tangu miaka ya 1950 kwamba mwani katika vidimbwi vya kina kifupi vinavyokorogwa husafisha majitaka vizuri: unachukua naitrojeni na fosforasi, unawapa bakteria oksijeni. Kwa mji ambao majitaka yake mengi huishia kwenye hori, mikoko ya Mikindani ikiwa shahidi, ni wazo la kufikiriwa. Lakini mwani huo ni wa mbolea au nishati. Hauingii kwenye glasi ya mtu, hata ukikaushwa ukapendeza, maana jua linalokausha unga haliondoi risasi wala kadimiamu.

Limebaki la vitamini B12, maana wasiokula nyama huulizia sana. Spirulina huonyesha B12 nyingi kwenye baadhi ya vipimo, ila sehemu kubwa ni aina bandia ambayo mwili wa binadamu hauitumii. Kubadilisha chakula cha tangi hakukupi uhakika wa kulirekebisha hilo. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa atafute B12 kwengine.

Ukiwa dukani basi, pamoja na alama ya KEBS, muulize muuzaji mambo mawili: naitrojeni ilitoka wapi, na kama kuna ripoti ya maabara ya metali nzito, vijidudu na mikrosistini, ile sumu ya jamaa wa buluu-kijani wanaoingia bila kualikwa. Kisha linganisha namba ya kundi (batch) iliyo kwenye ripoti na iliyopigwa muhuri kwenye pakiti. Zikitofautiana, ripoti hiyo ni ya unga mwingine.